Kengele ya Ijumaa Kuu

Jina lake la ubatizo lilikuwa la mtakatifu mwenye sifa kubwa, lakini parokia nzima ilimwita Gundi. Alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya kanisa, na harufu ya gundi ya soli ilimfuata hata kwenye foleni ya komunyo. Wanawake waliozoea kukaa mbele yake walisema ukifumba macho wakati wa Misa utajua kama Gundi amefika au bado.

Dini hakuitafuta. Aliikuta nyumbani, kama alivyozikuta nyundo za babake na meza yenye alama za visu. Babake naye alikuwa fundi viatu, tena msakristi, na alipofariki alimwachia mwanawe kalibu za mbao za kuundia viatu, wateja wasiopenda kulipa, na ufunguo wa kanisa. Tangu hapo Gundi ndiye aliyefungua kabla ya Misa ya alfajiri, akawasha mishumaa, akavuta kamba ya kengele. Alifanya kazi hiyo vizuri na bila kuwaza. Akipita mbele ya tabernakulo, kisanduku kinachotunza Ekaristi, alikunja goti nusu, kama mtu aliyeona msumari chini akabadili nia ya kuuokota. Kwenye sala ya Nasadiki mdomo ulikwenda wenyewe, akili ikabaki kibandani ikipanga kiatu kipi kianze. Hakuona kosa lolote. Nani humshukuru Mungu kila anapoingia chumbani kwake?

Kisha shemeji yake akabatizwa.

Shemeji huyu alikuwa fundi umeme, mume wa dada yake. Kwa miaka mingi ya ndoa yao hakuwa na dini ya kushika. Kila Jumapili alimfikisha mkewe mlangoni mwa kanisa kwa pikipiki, akaenda kunywa chai na kumsubiri. Mkewe alisali, hakumsukuma. Siku moja padre akamwita abadilishe nyaya za kanisa zilizokuwa zimechoka, na kwa wiki nzima akashinda juu ya ngazi, peke yake, ndani ya kanisa tupu. Alipomaliza alimfuata padre na swali.

"Padre, nimezima mitambo yote wiki nzima. Ile taa nyekundu ya pale pembeni haizimiki. Imeunganishwa wapi?"

"Haina waya. Ni ya mafuta."

"Na mbona hamuizimi mchana?"

Padre akamjibu, "Kwa sababu Mwenye nyumba yupo."

Fundi umeme alikunja ngazi akaenda zake. Baada ya siku chache alirudi, akakaa benchi la nyuma, akaitazama taa. Mwaka uliofuata, usiku wa mkesha wa Pasaka, alimwagiwa maji kichwani akiwa na mvi, na Gundi ndiye aliyemshikia taulo.

Watu wakamwita Mpya, kwa kuwa alikuwa Mkristo mpya, na jina likamganda. Kipya kinyemi, wahenga walisema, na huyu alikivamia kila kitu. Aliisoma katekisimu mpaka kurasa zikalegea. Alifunga Ijumaa, akaongeza na Jumatano. Alitundika msalaba juu ya kila mlango wa nyumba yake, na choo kilinusurika kwa sababu mkewe alisimama mlangoni. Kwenye sala za jumuiya aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia, hadi mama mmoja muuza mboga akamwambia, "Baba, sisi tumezaliwa humu. Hatukuulizwa kitu."

Dada yake Gundi alikuja kibandani kupumua.

"Kaka, nilisali miaka yote huyu mtu aingie kanisani. Sasa naomba atoke, japo nusu saa."

"Mtapumzika mbinguni," Gundi akamwambia, na wote wawili wakacheka.

Lakini kicheko cha Gundi kilikuwa na mwiba ndani. Shemeji na shemeji hutaniana, hilo halina neno. Ila utani wa Mpya ulikuwa na vifungu na aya.

"Shemeji, leo nilikuona unatafuna karanga njiani ukija Misa. Saa moja kabla ya komunyo hatuli."

"Karanga si chakula. Ni mazungumzo."

"Kanisa halijasema hivyo."

"Wewe umeingia juzi, tayari unahamisha viti."

Kilichomuuma zaidi ni ufunguo. Padre alimsifu Mpya hadharani mwisho wa Misa, akawaambia waamini waige moto ule, na baada ya hapo akachonga ufunguo wa pili ili mashemeji wawe wanapokezana kufungua. Gundi aliitikia kwa kichwa. Babake alipompa ule ufunguo alimwambia asiupoteze. Hakumwambia kwamba siku moja ungezaa. Tangu hapo, akipigilia kisigino, alijikuta akijiuliza swali ambalo halikuwahi kumjia: kama huyu aliyeingia jana ana moto, yeye aliyezaliwa ndani ana nini? Alitamani shemeji apoe kidogo, ufunguo urudi kuwa mmoja, na mambo yawe kama zamani.

Wiki Kuu ikafika. Walikubaliana kwamba Alhamisi jioni ni zamu ya Gundi, na Ijumaa asubuhi Mpya atafungua mapema kwa ajili ya wanaokuja kufagia na kusali. Alhamisi hiyo mota ya kinu cha unga iliungua, Mpya akaitwa, na Misa ya jioni ikampita. Mkewe alisema aliondoka na kisanduku cha vifaa kana kwamba anakwenda kuzika.

Jioni ile Gundi alifanya kama kila mwaka. Wakati wa wimbo wa Utukufu alipiga kengele kwa mara ya mwisho, kwani baada ya hapo kengele haisikiki tena hadi usiku wa Jumamosi, na ili mtu asiivute kwa kusahau aliikunja kamba juu, akaifunga kwenye msumari, alivyofanya babake. Misa ilipokwisha padre aliibeba Ekaristi kwa maandamano hadi kwenye chumba kidogo cha sala nyuma ya sakristia, pale padre anapovalia. Gundi akarudi kanisani kumalizia. Akavua vitambaa vya altare, akaondoa mishumaa na msalaba, akamwaga maji ya baraka yaliyobaki vyomboni, akauacha mlango wa tabernakulo wazi, maana ndani hamna kitu. Mwisho akaipuliza taa nyekundu, akatia kiberiti mfukoni, akaenda nyumbani kulala.

Ijumaa alfajiri alikuwa anafunga mkanda wa suruali aliposikia kengele.

Alisimama na mkanda mkononi. Ijumaa Kuu kengele hailii. Hajawahi kuisikia siku hiyo tangu azaliwe, wala babake. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba padre amefariki. Wazo la pili lilikuwa moto. Alitoka mbio, na njiani akakuta mtaa mzima unatoka: mama muuza mboga na kanga begani, kinyozi na mswaki mdomoni, bibi mmoja asiyesikia vizuri ambaye hata yeye siku hiyo alisikia.

Mpya alikuwa mlangoni mwa kanisa, ananing'inia kwenye kamba. Uso wake ulilowa machozi, na hakuwa anajificha.

"Wamemwiba," alisema.

"Nani kaibwa?" aliuliza kinyozi.

"Wamevunja tabernakulo. Mlango uko wazi, ndani hamna kitu. Vitambaa wamechukua, msalaba wamechukua, mishumaa, hata maji ya baraka wamemwaga. Taa wameizima." Alimeza mate. "Kamba walikuwa wameifunga juu ili nisiweze kuita watu."

Watu hawakumtazama Mpya. Walimtazama Gundi, kwa kuwa ndiye mwenye mambo ya kanisa na ndiye ndugu yake.

Gundi akacheka.

Hakukusudia. Kilimtoka kama kikohozi, na kilipotoka hakikurudi. Akashika mlango, akacheka hadi mbavu zikamuuma, na watu wote, waliokuwa wanangoja kujua kama inafaa, wakacheka pamoja naye. Mama muuza mboga alikaa ngazini akijipangusa macho. "Jamani," alisema, "mwizi mwenyewe si huyu hapa, ananukia gundi."

Padre alifika na ndara, bila kucheka. Alimshika Mpya mkono akamzungusha nyuma ya sakristia, akamwonyesha chumba kidogo na taa iliyokuwa ikiwaka humo. Walioingia nyuma yao walisema Mpya alipiga magoti, akakaa pale kidogo, akanyanyuka bila kumwangalia mtu. Alipita katikati ya watu hadi kwenye pikipiki yake. Hakuiwasha. Aliisukuma kwa mkono hadi kona ya mtaa.

Kwenye ibada ya saa tisa hakuonekana. Njia nzima watu waliulizana kama mwizi amepatikana, na mchana huo huo Mpya akapata jina jingine, Polisi wa Yesu.

Jioni dada yake Gundi alikuja. Hakukaa. Aliweka juu ya meza ya viatu kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na ufunguo.

"Amesema ni wako."

"Mwambie ni utani tu. Mtu mzima hanuni."

"Kaka, watu walikuwa wamenyamaza. Ungenyamaza nawe, wangenyamaza. Walisubiri wakuone wewe."

Gundi alichukua kiatu kisichohitaji chochote akaanza kukikagua soli.

"Tangu asubuhi hajala," dada akasema.

"Leo ni kufunga."

"Hafungi. Hali tu. Na amesema kesho haji. Mimi namjua mume wangu, kaka. Akikosa mkesha, hatarudi tena. Atanileta hadi mlangoni kwa pikipiki, halafu akanywe chai yake, kama zamani."

Kama zamani. Maneno hayo Gundi alikuwa ameyatamani mwaka mzima. Dada alipoondoka aliutia ufunguo mfukoni pamoja na ule mwingine, na akitembea kwenda kufunga kanisa aliusikia ukigongana na mwenzake.

Kanisani hamkuwa na mtu. Alisimama mbele ya altare na kujaribu kuiangalia kama anayefika bila kuambiwa kitu. Mbao tupu. Vyombo vya maji vikavu. Kimlango wazi, na giza dogo ndani yake. Kweli palifanana na nyumba iliyovunjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja, kwa mikono hii, kila mwaka, na kila mwaka alikwenda kulala.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kwenye kinu. Mpya alikuwa chini kwenye sakafu ya unga, ameifungua mota, anasuka waya za shaba upya. Mwenye kinu alikuwa mlangoni akihesabu wateja anaowarudisha.

"Umekuja kucheka sehemu ya pili?" Mpya alisema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukuona, shemeji."

"Basi shika tochi. Hapa."

Gundi alichuchumaa akashika tochi.

"Nyote mlijua," Mpya akasema. "Hata yule bibi kiziwi alijua. Mwaka jana siku hizi sisi wa kubatizwa tulikuwa mafungoni kwa masista, tukaletwa Jumamosi usiku. Nimesoma kitabu kizima, shemeji."

"Haimo?"

"Labda imo. Nilikuwa nasoma yale makubwa."

"Hatukukwambia kwa sababu na sisi hakuna aliyetuambia. Mtoto wa nyumbani haonyeshwi choo."

"Mgeni je?"

Mpya aliweka koleo chini.

"Mimi sikuingizwa na vitabu. Niliingizwa na ile taa. Jana nilipoikuta imezimwa nilipata mawazo mawili, hakukuwa na la tatu. Ama ameibwa, ama hajawahi kuwemo. Nikachagua ameibwa. Ndipo nikavuta kengele." Alijipangusa jasho kwa kiwiko. "Halafu ukacheka."

Mwanga wa tochi ulihama kidogo juu ya shaba.

"Naizima taa ile kila mwaka," Gundi akasema. "Naipuliza, naweka kiberiti mfukoni. Sijawahi kushtuka hata siku moja. Wewe ulilia mbele ya kinyozi. Mimi sijui kama akiibwa kweli nitalia, au nitatafuta tu aliyeacha mlango wazi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kilichopo."

Mpya alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nakuona Jumapili zote. Unakunja goti hata huangalii, nusu goti, unaendelea na shughuli. Nikasema huyu ndugu njia anaijua hata gizani, mimi bado napapasa. Nilikuonea wivu, ukitaka kujua. Zile karanga nilikutajia kwa sababu ndilo kosa pekee nililoliona."

"Na mimi nilikuonea wivu wa ufunguo," Gundi akasema.

Mwenye kinu akachungulia. "Mafundi, hapo ni mota au ni kitubio? Watu wangu wana magunia."

"Ni mota," wakajibu wote wawili.

Gundi alisubiri aondoke, akasema tena, kwa sauti ya kazi. "Kuna jambo la usiku huu. Padre akianza Utukufu, taa zote lazima ziwake na kengele ilie, kwa pamoja. Swichi iko sakristia, kamba iko mlango mkubwa. Kila mwaka nawasha, nakimbia kanisa zima, nikiishika kamba wamefika mstari wa tatu. Baba naye alikimbia hivyo hivyo, na yeye alikuwa na goti bovu."

"Mngevuta waya, mkaweka swichi ya pili mlangoni. Si kazi kubwa."

"Mwaka huu ningependa tuweke mtu."

Mpya alirudi kwenye shaba yake. Gundi alizima tochi, akaiweka, na juu yake akaweka ufunguo.

"Huu uchukue. Miwili inanitoboa mfuko."

Mpya hakuugusa wala hakuusukuma. Gundi alimfahamu vya kutosha kutouliza.

Usiku wa mkesha kanisa lilijaa gizani. Mshumaa mkubwa uliingizwa, watu wakawashiana mishumaa midogo mikononi, kisha ikazimwa kwa ajili ya masomo marefu. Gundi alimtafuta shemeji yake kwa macho kwenye mabenchi akamwona dada peke yake, na nafasi wazi kando yake aliyoilinda kwa mkoba. Masomo yalikwenda. Baada ya lile la mwisho alijua ni wakati wa kunyanyuka.

Mwili wake ulitaka kwenda sakristia, ndivyo ulivyozoea. Akienda kwenye swichi, taa zitawaka, kengele itachelewa kama kawaida, hakuna atakayegundua. Akienda kwenye kamba na sakristia haina mtu, padre ataimba Utukufu gizani, na Pasaka hiyo nayo itakuwa ya kuchekwa, ila safari hii atachekwa yeye.

Alikwenda kwenye kamba. Aliifungua kutoka kwenye msumari, akaizungushia kiganjani, akasimama. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusimama kanisani akitegemea jambo asilolijua.

Padre alinyanyua sauti: Utukufu kwa Mungu juu. Gundi akavuta. Kengele ililia juu ya kichwa chake, na chini giza lilibaki vile vile kwa pumzi nzima, kiasi kwamba alianza kuona aibu masikioni. Kisha taa zikawaka, zote, kuanzia altare hadi mlangoni. Hata ile ya juu ya mlango wa pembeni, iliyokufa tangu mwaka juzi na watu wakaisahau, iliwaka. Mtu alikuwa amekuja mchana na ngazi.

Gundi alivuta kengele muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Padre alilazimika kumtazama.

Misa ilipokwisha na watu kutoka wakipeana mikono, kinyozi alimpita Mpya akamwuliza kama leo kila kitu kipo mahali pake. "Nimekagua," Mpya alijibu, na kinyozi akacheka, naye akacheka kidogo. Jina la Polisi halikumtoka, lilidumu naye miaka.

Mashemeji walibaki kufunga. Dada alikuwa nje kwenye pikipiki, akiwaambia waharakishe kwa sababu miguu inauma. Mpya alisimama mbele ya taa nyekundu, ambayo padre alikuwa ameiwasha tena.

"Mwakani Alhamisi," alisema, "nikija, niache niizime mimi."

"Utaweza?"

Mpya alifikiri. "Sijui."

"Basi tutaizima pamoja," Gundi akasema. Alipopita mbele ya tabernakulo alikunja goti, na kwa vile shemeji alikuwa anaangalia, na labda si kwa sababu hiyo tu, lilifika chini. Kunyanyuka kulimpa shida kidogo; lilikuwa goti la babake.

Alifunga mlango mkubwa kwa ufunguo wake. Mpya akasubiri amalize, kisha akasogea, akakishika kitasa na kukivuta mara mbili, kuhakikisha.